Ufundishaji wa Mitajo ya Aljebra: Kurahisisha na Kutafuta Vigawo

Utangulizi

Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, mwanafunzi aliyezoea kuhesabu kwa namba hukuta herufi zimeingia katikati ya hesabu zake. Tangu siku hiyo baadhi ya watoto huanza kusema kwamba hisabati imewashinda, ilhali wiki iliyotangulia walikuwa wakijumlisha, wakizidisha na kugawanya bila shida. Mara nyingi lililowashinda ni maana ya zile herufi, ambayo hakuna aliyewaeleza, wala si hesabu yenyewe.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha. Tutazungumzia mambo mawili: kurahisisha mtajo wa aljebra na kutafuta vigawo vyake. Tutaonyesha kwamba mambo hayo ni njia moja ipitwayo kwenda na kurudi, na kwamba yote mawili yanategemea kuzidisha, ambako mtoto amekuzoea tangu madarasa ya chini. Aidha tutaeleza makosa ambayo mwalimu hana budi kuyakuta madaftarini, chanzo cha kila kosa, na namna ya kulirekebisha.

Asili ya somo

Neno aljebra limetoka katika neno la Kiarabu al-jabr, lenye maana ya kurudisha kitu mahali pake au kuunga kilichovunjika. Waarabu walilitumia pia kwa kazi ya kuunga mifupa. Mzizi wake ndio huo huo uliotupatia neno jabari. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mtaalamu aliyefanya kazi Baghdad, aliliweka neno hilo katika jina la kitabu alichokiandika karibu na mwaka 820. Kitabu hicho kilishughulikia mambo ya mirathi, biashara na upimaji wa ardhi, na ndani yake hamkuwa na x wala y. Hesabu zote ziliandikwa kwa maneno. Utaratibu wa kutumia herufi kwa namba zinazojulikana na zisizojulikana uliwekwa na François Viète wa Ufaransa katika kitabu chake cha mwaka 1591.

Mwalimu anapaswa kupata funzo hapa. Wataalamu wenyewe walifanya aljebra kwa maneno kwa muda wa zaidi ya miaka 700 kabla ya kuzoea herufi. Basi si haki kumtaka mtoto aruke kutoka kwenye namba hadi kwenye herufi katika kipindi kimoja. Aanze kwa maneno, kisha afupishe maneno, na mwisho aandike herufi.

Herufi husimama badala ya namba

Walimu wengi huanza somo hili kwa kusema: "a ni embe, b ni chungwa. Maembe matatu na machungwa manne hayajumlishwi pamoja." Njia hii huleta jawabu sahihi siku ya kwanza, lakini huacha mzigo mzito kwa siku zijazo. Kama a ni embe na b ni chungwa, ab ni kitu gani? Embe mara chungwa ni nini? Na kama a ni embe, yawezekanaje tuseme a = 5? Mtoto aliyefundishwa hivyo atakwama mara tu herufi mbili zitakapozidishwa.

Yafaa tuseme tangu mwanzo kwamba herufi husimama badala ya namba. Tukiwa dukani, tusiseme a ni daftari, bali a ni bei ya daftari moja kwa shilingi. Hapo 3a ni bei ya madaftari matatu, yaani 3 × a. Ikiwa b ni bei ya kalamu moja, basi 3a + 4b ni fedha zote zitakazolipwa kwa madaftari matatu na kalamu nne. Bei ikipanda, thamani ya a hubadilika, lakini mtajo 3a + 4b hubaki ule ule. Hiyo ndiyo faida ya aljebra: hesabu moja huandikwa kwa bei zote.

Kurahisisha mtajo

Mtajo huundwa na vipande vinavyounganishwa kwa alama za kujumlisha na kutoa. Katika 5a + 3b − 2a + b vipo vipande vinne. Vipande vya jamii moja ni vile vyenye herufi zile zile kwa vipeo vile vile. Hapa 5a na −2a ni vya jamii moja, na 3b na b ni vya jamii moja. Kila kipande huhama pamoja na alama iliyo mbele yake. Kwa hiyo:

5a + 3b − 2a + b
= 5a − 2a + 3b + b
= 3a + 4b

Mwanafunzi akiuliza kwa nini 5a − 2a ni 3a, asijibiwe kwamba ndiyo kanuni. Akumbushwe kwamba makumi 5 ukitoa makumi 2 hubaki makumi 3, na mamia 5 ukitoa mamia 2 hubaki mamia 3. Namba yoyote ikichukuliwa mara 5, kisha ikaondolewa mara 2, hubaki mara 3. Pia akumbushwe kwamba b peke yake ni 1b, ingawa hatuna desturi ya kuiandika ile 1.

Kosa la kwanza litakalotokea ni hili: 3a + 4b = 7ab. Mtoto ameona alama ya kujumlisha, naye anadhani kazi haijaisha mpaka alama hiyo itoweke. Katika hesabu za namba amezoea kwamba 3 + 4 si jawabu, sharti aandike 7. Kwa hiyo anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba katika aljebra mtajo wenye alama ya kujumlisha waweza kuwa jawabu kamili.

Kumsadikisha si kazi ngumu. Tumpe namba aziweke mahali pa herufi, tuseme a = 10 na b = 3. Mtajo wa mwanzo ni 50 + 9 − 20 + 3 = 42. Mtajo 3a + 4b ni 30 + 12 = 42. Lakini 7ab ni 7 × 10 × 3 = 210. Mtoto ataona mwenyewe kwamba 42 na 210 si kitu kimoja, na hatahitaji kusubiri kalamu nyekundu ya mwalimu.

Jaribio hili la kuweka namba lina masharti mawili ambayo mwalimu lazima ayajue. Kwanza, tuepuke 0, 1 na 2, kwa kuwa namba hizo huficha makosa. Mtoto anayeamini kwamba a² ni sawa na 2a ataona majawabu yanalingana akiweka 0 au 2, na anayedhani a² ni sawa na a ataona yanalingana akiweka 0 au 1. Pili, jaribio likionyesha tofauti, kosa limethibitika pasipo shaka. Lakini likionyesha usawa, hiyo ni dalili njema tu. Uhakika kamili huletwa na sababu ya kila hatua.

Kufungua mabano

Mabano yafundishwe kwa mchoro wa eneo. Tuchukue bustani ya shule yenye upana wa meta 4, ambayo urefu wake umegawanyika sehemu mbili: sehemu ya mchicha ina urefu wa meta x, na sehemu ya nyanya ina urefu wa meta 3. Mwalimu achore mstatili ubaoni na kuugawa kwa mstari mmoja. Eneo la bustani nzima ni 4(x + 3). Eneo la mchicha ni 4x, na eneo la nyanya ni 12. Bustani ni ile ile, hivyo:

4(x + 3) = 4x + 12

Mtoto anayeandika 4x + 3 amezidisha sehemu ya mchicha na kuisahau nyanya. Mrudishe kwenye mchoro umwulize: "Eneo la nyanya ni meta za mraba ngapi?" Swali hilo humfaa kuliko kumwambia "zidisha vyote viwili", kwa sababu mchoro humwonyesha kwa nini vyote viwili vizidishwe.

Alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano huhitaji uangalifu zaidi. Tutumie fedha. Mama ana shilingi 1,000. Ananunua kitu cha shilingi 300, na muuzaji anampunguzia shilingi 50. Analipa (300 − 50), yaani 250, na anabakiwa na 750. Angeweza pia kuhesabu hivi: 1,000 − 300 = 700, kisha arudishiwe 50, ziwe 750. Kwa hiyo:

1,000 − (300 − 50) = 1,000 − 300 + 50

Kile kilichopunguzwa katika malipo humrudia mnunuzi. Ndiyo sababu alama hugeuka. Baada ya hapo mtoto ataweza kuelewa mfano huu:

9a − 2(a − 3) = 9a − 2a + 6 = 7a + 6

Tujaribu kwa a = 5. Upande wa kushoto ni 45 − 2 × 2 = 41. Upande wa kulia ni 35 + 6 = 41.

Kutafuta vigawo

Sasa turudi kwa njia ile ile tuliyoijia. Tulipofungua mabano tulianza na kuzidisha tukaishia na kujumlisha. Tunapotafuta vigawo tunaanza na mtajo wa kujumlisha au kutoa, tukiutaka uwe mtajo wa kuzidisha. Katika mchoro wa bustani, tumepewa maeneo mawili tukatafuta upana unaoshirikiwa.

Mtoto hufanya kazi hii sokoni bila kujua jina lake. Akitakiwa kulipia madaftari 7 ya shilingi 980, aghalabu atafikiri hivi: saba kwa elfu moja ni 7,000, toa saba kwa ishirini ambazo ni 140, jawabu ni 6,860. Ametumia usawa wa 7 × 1,000 − 7 × 20 na 7(1,000 − 20). Vivyo hivyo 17 × 8 + 17 × 2 ni 17 × 10, yaani 170. Mwalimu aanze na hesabu za akilini za namna hii kabla ya kuandika herufi yoyote.

Hatua zenyewe ni tatu. Tuseme tunataka vigawo vya 12ab + 18a.

(i) Tafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba. Kwa 12 na 18 ni 6.
(ii) Tafuta herufi iliyomo katika kila kipande. Hapa ni a. Herufi b haimo katika kipande cha pili, kwa hiyo haiwi kigawo cha shirika.
(iii) Andika 6a nje ya mabano, kisha gawanya kila kipande kwa 6a ili kupata cha kuandika ndani. 12ab ÷ 6a = 2b, na 18a ÷ 6a = 3.

Basi 12ab + 18a = 6a(2b + 3).

Mwanafunzi azoezwe kufanya ukaguzi wa aina mbili kabla ya kuleta daftari. Ukaguzi wa kwanza ni kufungua mabano aone kama anarudi alikotoka. Ukaguzi wa pili ni kutazama ndani ya mabano kama bado kuna kigawo cha shirika. Anayeandika 2(6ab + 9a) hajakosea, ila hajamaliza safari. Asiwekewe alama ya kosa, aambiwe aendelee.

Kosa la kawaida hapa ni la 5x + 5. Wengi huandika 5(x), au 5(x + 0), wakidhani kwamba 5 ikishawekwa nje, mahali pake hapabaki kitu. Ukweli ni kwamba 5 ÷ 5 ni 1, si 0, hivyo jawabu ni 5(x + 1). Kosa hili kwa sehemu huletwa na lugha yetu ya darasani. Tunaposema "toa 5 nje", mtoto husikia kutoa kule kwa hesabu, ambako 5 toa 5 ni sifuri. Kwa sababu hiyo tunamshauri mwalimu aseme "weka 5 nje ya mabano, gawanya kila kipande kwa 5", na neno kutoa aliachie kazi yake ya siku zote.

Sehemu zenye herufi

Faida ya kutafuta vigawo huonekana wazi katika sehemu. Tazama sehemu ambayo kiasi chake ni 6x + 9 na asili yake ni 3:

(6x + 9)/3 = 3(2x + 3)/3 = 2x + 3

Wanafunzi wengi huandika 2x + 9. Wameona 6 na 3, wakakata, wakaiacha 9 bila kuguswa. Wengine hukata 3 na 3 katika (x + 3)/3 na kuandika x. Tukiweka x = 6 katika mtajo huo, tunapata 9/3 = 3, wala si 6.

Hapa pia neno tunalolitumia lina lawama. "Kukata" ni kitendo cha kalamu. Mtoto hukata chochote kinachofanana juu na chini. Kinachofanyika hasa ni kugawanya kiasi chote na asili yote kwa namba moja. Watu wawili wakiwa na fungu la shilingi 6x na fungu la shilingi 9, na fedha zote zikatakiwa kugawanywa kwa watu watatu, mafungu yote mawili yatagawanywa. Hakuna atakayekubali fungu moja ligawanywe na jingine libaki zima. Kwa hiyo kanuni ni hii: kinachoweza kuondolewa juu na chini ni kigawo cha kiasi chote na cha asili yote. Kipande kilichounganishwa kwa kujumlisha au kutoa si kigawo.

Mfano wa mwisho:

(4a + 8)/(6a + 12) = 4(a + 2)/6(a + 2) = 4/6 = 2/3

Sehemu hii ni 2/3 kwa kila thamani ya a isipokuwa −2, kwa kuwa hapo asili huwa 0, na kugawanya kwa 0 hakuna maana. Mwalimu asilazimishe sharti hilo kwa mtoto mdogo, lakini yeye mwenyewe alijue.

Hatua moja mbele

Mwalimu yampasa kujua hatua moja zaidi ya ile anayoifundisha. Mbele ya mwanafunzi wetu ipo mitajo kama x² + 5x + 6, nayo pia yaweza kushikwa kwa mikono. Tukate karatasi ngumu ya maboksi: mraba mmoja mkubwa wenye upande wa sentimeta 10, vipande vitano vya sentimeta 10 kwa 3, na miraba midogo sita yenye upande wa sentimeta 3. Upande wa mraba mkubwa tuuite x, na upande wa mraba mdogo uwe kipimo 1. Urefu wa x usiwe mara kamili ya kipimo 1, ili mtoto asipate jawabu kwa kubahatisha. Kisha tumwambie apange vipande vyote kumi na viwili viwe mstatili mmoja usio na pengo. Ataona kwamba upande mmoja unakuwa x + 2 na wa pili x + 3. Hivyo x² + 5x + 6 = (x + 2)(x + 3). Ni bustani ile ile, ila sasa imegawanywa pande zote mbili.

Mpango wa kipindi cha kwanza cha vigawo

Kwa kipindi cha dakika 40, mgawanyo ufuatao unafaa:

Dakika 5: hesabu za akilini kama 17 × 8 + 17 × 2. Wanafunzi waeleze walivyofikiri.
Dakika 10: mchoro wa bustani ubaoni. Mwalimu atoe maeneo mawili, 5x na 15, wanafunzi watafute upana wa shirika na kueleza kila urefu.
Dakika 15: kazi ya wawili wawili. Mmoja atunge mtajo wenye mabano na kuufungua. Mwenzake apewe jawabu tu, arudishe mabano. Kisha wabadilishane.
Dakika 7: zoezi la mtu mmoja mmoja, hesabu nne tu, kila moja ikifuatiwa na ukaguzi.
Dakika 3: wanafunzi waseme kwa maneno yao walichojifunza.

Hesabu nne zilizokaguliwa na mwanafunzi mwenyewe zina faida kuliko ishirini zilizonakiliwa kutoka kwa jirani.

Hitimisho

Zipo sababu mbili za kulitilia mkazo jambo hili. Ya kwanza ni kwamba mtoto mwenye kanuni tupu hana njia ya kujua kama amekosea. Humtegemea mwalimu kwa kila hatua. Mwenye kuweka namba, kuchora mstatili na kufungua tena mabano hujihukumu mwenyewe. Ya pili inahusu safari iliyo mbele yake. Katika Tanzania, mtoto aliyesoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi huikuta kwa Kiingereza sekondari. Aliyekariri maneno "kata", "hamisha" na "toa nje" huachana na maneno hayo mlangoni, na hubaki mikono mitupu. Aliyeelewa kwamba upana mmoja hushirikiwa na maeneo mawili huwa na jambo la kulipatia jina jipya. Sisi tunaomfundisha mwanzo ndio tunaoamua ataingia na kipi.

Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi

1. Rahisisha 7m + 4n − 3m − n, kisha kagua kwa m = 10 na n = 4.
2. Mwanafunzi ameandika 8 − 3(y − 2) = 2 − 3y. Eleza alivyofikiri, na utunge mfano wa fedha utakaomsaidia kuona kosa lake.
3. Tafuta vigawo vya 15pq − 10p + 5. Je, p ni kigawo cha shirika? Toa sababu.
4. Mwanafunzi amesema (2x + 8)/2 = x + 8. Chora mchoro mmoja utakaomrekebisha bila wewe kumtajia jawabu.
5. Tunga mitajo mitatu ambayo haiwezi kurahisishwa zaidi, na ueleze utakavyowasadikisha wanafunzi kwamba kazi imekwisha.